Paa Lililosukwa Chini

Jumamosi asubuhi, wakati wa kiangazi, mji wa Baltimore hunuka nyasi. Wenyeji hutoa mashine zao, wakakata nyasi za mbele ya nyumba, wakazijaza kwenye mifuko, na gari la taka likapita kuzichukua. Nimeishi Marekani miaka thelathini na ushee na jambo hilo bado sijalizoea. Harufu ile mbichi, tamu kidogo, yenye vumbi ndani yake, ikinifikia dirishani, moyo huniuma kama ninayeona paa zima linatupwa jalalani. Majirani zangu ni watu wema na sina ugomvi nao. Ila mimi ni Muha wa Kasulu, na kwetu nyasi zikikatwa huwa zina kazi inayozisubiri.

Kazi yangu mimi ilikuwa kusanifu majengo. Mji ule umejengwa kwa nyumba za matofali zilizoshikana bega kwa bega, mtaa mzima ukuta mmoja, na nusu ya maisha yangu nimeitumia kuzifufua zilizoachwa zikaoza. Nusu nyingine nilijenga mapya: maktaba ya watoto upande wa mashariki, shule mbili, soko karibu na maji, nyumba za wazee zenye vibaraza vipana ambavyo mkandarasi alitaka kuvipunguza nikamkatalia. Ukipita mjini humo huwezi kukwepa kuona kitu changu, hata kama hujui ni changu. Nasema hivyo bila haya, kwa sababu nimestaafu na sina tena wa kuniajiri.

Siku ya kuniaga kazini, kijana mmoja wa ofisi aliniuliza nani alinifundisha ujenzi. Nilimtajia chuo, kama adabu inavyotaka. Ninyi wasomaji wangu nitawaeleza ukweli.

Tuliishi mlimani, mwendo wa nusu siku kutoka Kasulu mjini, katika nyumba ya msonge aliyoijenga babu yangu. Ilizungukwa na migomba kiasi kwamba ukiwa barabarani ungeona moshi tu. Katikati ya miaka ya sabini serikali ikaamua watu wote tushuke tukae pamoja vijijini, karibu na barabara, tupate shule na zahanati. Lori likaja. Tulipanda Mama, mimi Yusta niliyekuwa na miaka tisa, mdogo wangu Damiani aliyekuwa na mitatu na kifua kibovu, na Bibi mzaa baba. Tulipakia mbuzi wawili, jiwe la kusagia, kinu cha Bibi, vyungu, na kamba ya Baba. Migomba haipandi lori, ikabaki.

Kamba hiyo ilikuwa ya katani. Baba alikuwa manamba katika mashamba ya mkonge huko Tanga, kama walivyokuwa wanaume wengi wa Buha. Mara ya mwisho aliporudi nyumbani alituletea vitenge, sukari, na kamba nene ya rangi ya ugali wa mtama mweupe, ambayo Bibi aliwaonyesha wageni kama mtu anavyoonyesha picha ya harusi. Kisha Baba akaondoka tena. Ulipita zaidi ya mwaka bila barua. Bibi alikuwa na mtoto huyo mmoja tu, na kila jioni alikaa akiangalia upande wa mashariki, kwa sababu mtu fulani alimwambia Tanga iko huko.

Kijiji kipya, kando ya barabara iendayo Kibondo, kilikuwa vichaka vilivyofyekwa na vigingi. Watu wa serikali walivuta uzi mrefu kando ya barabara, na kila kaya ikapewa kiwanja chake. Amri ilikuwa nyepesi kuelewa: nyumba ya pembe nne, mlango utazame barabara, na iwe imekamilika kabla ya mvua za vuli. Wakati huo ulikuwa mwezi wa nane. Tulilala chini ya kibanda cha matawi, na vumbi la malori likatufunika kila asubuhi kama unga.

Kuta hazikumtisha Mama. Alichimba mashimo, akasimamisha nguzo, akafunga fito, na Bibi na mimi tukakanyaga udongo hadi miguu yetu ikabadilika rangi. Urefu wa nyumba tulipima kwa kamba ya Baba. Mama alifunga fundo, akaniambia, “Kutoka mwanzo wa kamba hadi hapa, ndiyo nyumba yetu. Usilifungue.” Nililinda fundo lile kama yai. Kwa wiki mbili kuta zikapanda hadi kimo cha mtu mzima, zikakandikwa, zikakauka. Na hapo ndipo tulipokwama, maana mwanamke kwetu hapandi paa.

Ule ulikuwa mwiko, *umuziro* kama tunavyouita sisi, na haukuwa mzaha. Mwanamke akikata nyasi, sawa. Akibeba nyasi, sawa, na kwa kweli ndiye hubeba zote. Lakini akiweka mguu juu ya nyumba, amemfungia mumewe njia ya kurudi. Kama mume yuko safarini atafia huko huko. Bibi alijua mifano, tena kwa majina na vilima walikotoka, na alituhesabia mmoja baada ya mwingine huku akichambua mboga.

Siku hizo akafika Baba Mkubwa Zakaria kwa baiskeli kutoka Kibondo. Alikuwa mtoto wa mke mwenza wa Bibi, kaka wa Baba kwa upande wa babu, fundi cherehani mwenye nyumba ya bati. Hakuwa mtu mbaya. Alizunguka kuta zetu mara mbili, akagonga udongo kwa vidole, akatazama juu mahali ambapo paa lilipaswa kuwa, akaona mbingu. Kisha akakaa na kumwambia Mama kwa upole:

“Shemeji, umejitahidi. Lakini watoto wa ukoo hawawezi kunyeshewa kama kuku. Mvua ya kwanza ikinikuta Kibondo, siku ya pili nitakuwa hapa. Kama nyumba haina paa, nitawachukua Yusta na Damiani. Wewe unaweza kurudi kwa wazazi wako ukamsubiri mumeo.”

Mama alikuwa anamkuna Damiani mgongo. Mkono wake haukusimama. “Ukija utakuta paa,” alisema.

“Nani atapanda?”

“Ukija utakuta paa, shemeji.”

Niwaambie kitu cha aibu. Mimi nilitaka kwenda. Kibondo kulikuwa na chai ya sukari, na nilisikia kwamba mvua ikinyesha juu ya bati humsikii hata mtu anayekugombeza. Lakini jioni ile nilimwona Mama akiwa peke yake nyuma ya nyumba, ameweka viganja viwili juu ya ukuta alioukandika, ameegemeza na paji la uso, na akakaa hivyo muda mrefu. Sikuelewa chochote, ila hamu ya chai iliniishia.

Kesho yake alikwenda kwa Mzee Ruhuza, fundi wa kuezeka wa kijiji chote. Mzee alikuwa mnyofu. Kulikuwa na nyumba ishirini na tatu mbele yetu, na waliotangulia walikuwa wamemletea pombe ya ndizi ya vijana wake, kwa maana bila pombe hakuna kijana wa Kiha anayekaa juu ya paa kutwa. Sisi migomba yetu tuliiacha mlimani. “Zamu yako itafika, Mama Yusta,” alisema. “Tatizo ni mvua, nayo haiwezi kungoja zamu.”

Mama alirudi, akachukua kikapu alichokuwa anasuka, akaketi. Mnaojua vikapu vyetu mnajua vina mifuniko yenye ncha, mirefu, kama vibanda. Alikuwa amefika kwenye mfuniko. Alisuka, akasuka, halafu akausimamisha juu ya kikapu kuona kama unakaa. Akaunyanyua. Akaurudisha. Akaunyanyua tena. Bibi akamuuliza kama huo mfuniko una kasoro.

“Hauna,” Mama alisema. “Mama mkwe, naomba nikuulize. Kupanda paa ni umuziro.”

“Ni umuziro.”

“Kubeba paa je?”

Bibi aliacha kutafuna. Alikuwa mtu wa haki, na swali lilikuwa geni, kwa hiyo hakuliharakisha. Alifikiria hadi chungu kikaanza kuungua. Mwishowe akasema, “Kubeba sijasikia.”

“Na kulisuka likiwa chini?”

“Chini ni chini. Hata mbuzi hukaa chini.”

Basi mambo yakaanza. Kesho yake, kulipopambazuka, Mama aliniagiza nilete kamba ya Baba nipige vigingi viwili uwanjani, umbali wa kutoka mwanzo wa kamba hadi kwenye fundo, ili paa lipate urefu wa nyumba. Upana angeupima mwenyewe kwa hatua zake. Nilijisikia mtu mkubwa. Na kwa sababu nilijisikia mtu mkubwa, nilitaka kazi yangu iwe bila dosari, nikafanya kile ambacho kila mtoto wa Kiha hufundishwa kabla ya kufunga chochote: nililoweka kamba. Kamba za mgomba usipozilowesha hukatika mkononi. Zikilowa huwa laini na tiifu, na mtoto anayesahau kuziloweka huitwa mvivu. Niliikunja kamba ya Baba ndani ya mtungi pamoja na za mgomba, nikaiacha inywe maji huku nikichonga vigingi. Nilipoitoa ilikuwa nzito na ngumu kidogo, nikaona ni ugeni wa Tanga tu. Niliivuta kwa nguvu zangu zote, nikapiga kigingi, nikapiga cha pili. Mama alipita akaniambia, “Vizuri.”

Katani ikilowa hujikunja, wasomaji wangu. Hufupika. Hilo nililijua baadaye, na bei yake ilikuwa kubwa.

Kwa siku kumi Mama alisuka paa. Aliweka mwamba wa juu, ule mti mrefu wa kati, ukiwa umeegemea panda fupi, akalaza makombamoyo, ile miti ya mteremko, akapitisha fito chini juu, chini juu, kama anavyosuka kikapu, kwa mkono ule ule na kwa mbano ule ule. Tulikata nyasi bondeni hadi vidole vikawa na chale. Bibi alipokea mafungu, akayagonga kwa chini yawe sawa, akamkabidhi. Wapita njia walisimama barabarani. Wanaume wa Mzee Ruhuza, kutoka juu ya mapaa yao, walimuuliza kwa kicheko kama nyumba yetu imezama ardhini ikabaki kofia. Mama hakuwajibu. Alikuwa mtu wa maneno machache, na siku zile hata hayo machache aliyaacha. Kitu kikiwa chini huonekana kikubwa, na paa lile lilijaza uwanja wote, kwa hiyo hakuna aliyedhani lina upungufu.

Mawingu yakaanza kujikusanya upande wa Burundi. Jumapili, watu walipotoka kanisani, Mama alisimama njiani akawaomba wanawake msaada, mmoja mmoja, kwa jina au kwa jina la mtoto. Alisema hana pombe, ana uji. Walikuja zaidi ya thelathini, wengine bado wamevaa vitenge vya kanisani, na wengi wao tulikuwa hatujawajua kabla ya lori kutumwaga pale. Nadhani wengine walikuja kwa huruma na wengine kwa udadisi, lakini vyote viwili hunyanyua uzito ule ule.

Waliegemeza nguzo nne ndefu ukutani ziwe njia. Wakaingia pande zote, wakainama, na mwanamke mmoja mwenye sauti ya ukali akahesabu kwa Kiha. Paa likaondoka ardhini. Sitasahau. Nyumba bila nyumba, inatembea kwa miguu sitini, nyasi zikidondoka, vichwa vimepotea ndani na sketi tu ndizo zinaonekana. Wakalisukuma juu ya zile nguzo kwa mabega na vichwa, huku wengine wakivuta kwa kamba kutoka upande wa pili. Likakwama. Likateleza. Likapanda tena. Bibi alikuwa amekaa kwenye kinu chake, macho yamekaza kwenye miguu ya Mama, kuhakikisha hata kidole hakijaacha ardhi. Paa likalala juu ya kuta kwa kishindo, vumbi likaruka, na wanawake wakapiga vigelegele hadi wanaume wakashuka kuja kutazama.

Mimi ndiye niliyeona kwanza. Upande wa mashariki, paa lilikuwa limeishia kabla ukuta haujaisha. Mahali ambapo nyasi zilipaswa kuning'inia nje na kuukinga udongo, ukuta ulikuwa umebaki wazi, kwa urefu wa mkono wangu mzima kutoka begani. Mvua moja tu, na ukuta ule ungekuwa tope.

Vigelegele vikafa kimoja kimoja. Mzee Ruhuza alisogea, akatazama, akamgeukia Mama. “Umepima kwa kitu gani?”

“Kwa kamba.”

Alinyanyua ile kamba, ambayo bado ilikuwa na unyevu wa mtungini kwa sababu asubuhi ile niliiloweka tena, kwa bidii, ili ifae kuvutia. Aliipapasa. Nilielewa kwa jinsi alivyonitazama kwamba ni mimi. Nilianza kulia kabla sijaulizwa. Nilisema nimeiloweka. Nilisema nilitaka iwe laini. Niliona Damiani amekaa nyuma ya baiskeli ya Baba Mkubwa, na mimi nikiwa mbele, na Mama amebaki barabarani, na yote hayo yameletwa na mtungi wa maji.

Mama aliketi. Alikaa juu ya fungu la nyasi zilizobaki, mikono magotini, akaangalia lile pengo kwa muda ambao kwangu ulikuwa kama wa misa nzima. Wanawake walisubiri. Mmoja akasema labda tulishushe. Mwingine akasema nani ana nguvu za kulipandisha tena. Mzee Ruhuza akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye angeweza kuongeza kipande kwa juu, lakini si kabla ya wiki mbili, na akatazama mawingu.

“Paa halishuki,” Mama alisema, akasimama. “Ukuta ndio utakaosogea. Yusta, futa kamasi, lete jembe.”

Nilidhani nimesikia vibaya. Hata Bibi aliuliza mara mbili. Lakini Mama alikuwa ameshaanza kuchimba kwenye mizizi ya nguzo za ukuta wa mashariki, ukuta ule ule aliouegemea siku Baba Mkubwa alipotutembelea. Alibomoa udongo wake mwenyewe. Akazing'oa nguzo, akapima hatua mbili kuelekea ndani, akachimba mashimo mapya, akazisimamisha huko, chini ya nyasi, mahali ambapo maji yasingefika. Wanawake waliotoka kanisani walikunja vitenge wakashika udongo. Vipande vya kuta za pembeni vilivyobaki nje tulivikata tukaviacha kimo cha kukalia. Nyumba yetu ikapungua. Chumba cha kulala kikawa kitanda na nafasi ya kugeuka, si zaidi.

Watu walicheka, nami siwalaumu. Kila mtu kijijini alikuwa ametengeneza paa la kuenea nyumba, na Mama Yusta alikuwa ametengeneza nyumba ya kuenea paa. Lakini ile sehemu iliyobaki nje chini ya nyasi ikawa kibaraza, cha kwanza kijijini, na mvua ilipoanza siku ya nne, watu wazima sita walikuja kujibanza pale pale kutoka kwenye viwanja vyao visivyo na kitu juu. Miaka mingi baadaye, huko Baltimore, paa la maktaba ya watoto tuliliunganisha chini tukalinyanyua kwa kreni, na wakaniita mtu mwenye mawazo mapya. Nikanyamaza nikapokea sifa, na hiyo nayo ni dhambi yangu.

Baba Mkubwa alifika siku iliyofuata, amelowa hadi kwenye soksi. Alitazama paa. Alitazama ukuta, ambao udongo wake ulikuwa bado mbichi. Akamuuliza Bibi, si Mama, “Nani alipanda?”

“Hakuna aliyepanda,” Bibi alisema. “Lilibebwa.”

Akainama akaingia. Akakaa kidogo, akanywa uji, akamsikiliza Damiani akihema bila kukohoa. Kisha akasema ana nguo za watu za kumaliza, akapanda baiskeli akaondoka, na nyuma ya baiskeli hakuna mtu aliyekaa.

Laiti mambo yangeishia hapo. Mwezi wa tatu, mahindi yakiwa mabichi, barua ikafika kupitia kwa katibu wa kijiji: Baba alikufa huko Tanga kwa homa. Ilikuwa imezunguka ofisi nyingi na tarehe yake ilikuwa imelowa maji, haisomeki. Bibi alianguka chini mlangoni. Mama naye alilia kwa namna ambayo sikuwahi kuiona, siku tatu mfululizo, hadi wanawake wakawa wanamshika kwa zamu, na wengine wakasema mjane huyu atamfuata mumewe.

Baada ya matanga ukoo ukakaa. Nilikuwa kwenye kibaraza, ukuta mwembamba, nikasikia yote. Mzee mmoja akauliza kama hakuna mwiko uliovunjwa katika nyumba hii, kwa maana kijana mwenye nguvu hafi bure. Baba Mkubwa akasema kwamba vyovyote iwavyo watoto sasa hawana baba na yeye yuko tayari. Nilishika magoti yangu. Nilijua kwamba mama aliyefiwa na mtoto wake wa pekee hutafuta pa kuweka uchungu, na karibu na Bibi kulikuwa na mtu mmoja tu wa kuwekewa.

“Mimi nilikuwepo,” ilisikika sauti ya Bibi. “Nilikaa kwenye kinu nikalinda miguu yake toka mwanzo hadi mwisho. Huyu alibomoa ukuta wake ili asimfungie mwanangu njia. Mke gani mwingine amefanya hivyo? Wajukuu zangu wana mama na wana nyumba. Hawaendi Kibondo.”

Baba Mkubwa alirudi Kibondo peke yake. Tulikaa. Nilisoma shule ya kijiji, kisha Kasulu, kisha mbali, kisha mbali zaidi. Bibi aliishi nasi miaka tisa, akafia kwenye kile chumba kidogo, kichwa chake mikononi mwa Mama.

Nilikuwa mtu mzima, nimekuja likizo kutoka Marekani, nilipomsimulia Mama habari za paa la maktaba na kreni. Tulikuwa tunachambua maharage. Alicheka, halafu akasema kana kwamba anaendelea na jambo tulilokuwa tunaliongea:

“Mimi nilijua mwezi wa saba. Kabla ya lori. Mtu wa Kibondo aliyetoka Tanga alinikuta foleni ya zahanati kule Kasulu mjini, nimembeba Damiani. Yeye ndiye aliyemzika baba yako. Nilimwomba asimwambie mtu.”

Nilihesabu miezi kichwani, kutoka wa saba hadi wa tatu.

“Basi ungepanda tu,” nilisema mwishowe. “Mama, ulijua. Hakukuwa na njia ya kufunga. Zile siku zote, wale wanawake, ule ukuta.”

“Mimi nilijua. Bibi yako hakujua, wala nisingeweza kumwambia: ukoo ungewachukua ninyi kabla sijawa na nyumba.” Alitupa harage bovu pembeni. “Habari ingefika tu, Yusta. Leo, kesho, ingefika. Na siku ikifika, angehesabu kurudi nyuma, anikute niko juu ya paa. Ningekuwa nimemuua mwanawe. Ninyi mngekwenda, na yeye angebaki na mimi wa kumchukia.”

Akaendelea na maharage yake.

Nimepiga hesabu nyingi za uzito maishani: theluji juu ya paa, upepo wa bandarini, vitabu, watoto mia nne wanaoruka kwa pamoja. Lakini ninapokumbuka zile siku kumi nilizomwona Mama uwanjani, kimya, akipitisha fito chini juu, chini juu, nasi tukadhani ni ukaidi na tabia yake ya maneno machache, najua sasa alikuwa mjane wa miezi miwili anayeezeka nyumba mbele ya mama wa marehemu, bila haki ya kuguna. Na ile siku ya barua, aliposhikwa na wanawake kwa zamu, watu walidhani amepigwa na habari mpya. Haikuwa mpya. Mama alikuwa amesubiri miezi minane apate ruhusa ya kulia.